Miezi minne na gari lisilo na paa

Shemeji yangu alinikabidhi ufunguo Jumapili jioni, tumesimama uani kwangu Section 58, Nakuru. "Shem, usiliache lilale," akasema. "Liamshe kila wiki, ulitembeze." Yeye ni baharia na alikuwa anarudi melini kwa miezi minne. Nyuma yake lilikuwa Mazda Roadster jekundu la mwaka 2018, lile ambalo nje ya Japani huitwa MX-5: viti viwili, gia za mkono, paa la turubai. Kando yake ilikuwa Starlet yangu ya mwaka 1997, namba KAR, rangi ambayo kwenye kitabu cha gari imeandikwa fedha na ambayo siku hizi hata mimi sijui niiite nini.

Mke wangu alitoka jikoni, unga bado mikononi, akalizunguka gari la kaka yake, akachungulia ndani. "Na watoto watakaa wapi?"

Kaka mtu akacheka, akakwea boda, akaenda zake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na wenzangu wanaujua ugonjwa wetu: kitu kikiingia nyumbani lazima kipimwe. Kesho yake nilitoa futi kamba nikayapima yote mawili. Roadster iliizidi Starlet kwa urefu, lakini kwa shubiri moja hivi. Kwa kimo, Starlet ikaizidi Roadster kwa shubiri ileile. Nilishangaa. Kwa macho ungedhani gari la shemeji ni refu kama mtumbwi, kumbe ni ule ulalo wake tu na pua yake ndefu. Uzito nao: Starlet ina kilo mia nane na ushei, Roadster inacheza kwenye tani moja. Kwa magari ya leo hiyo ni nyepesi sana. Wahandisi wake walitumia alumini kwenye boneti na mabawa ya mbele ili kukwepa kilo, na gari la kwanza la ukoo huo, lililoonyeshwa Chicago mwaka 1989, lilikuwa jepesi zaidi kidogo. Kwa hiyo gari la anasa na gari la mwalimu ni ndugu, wamepishana mapato tu. Nilimwambia mke wangu hivyo. Hakunijibu.

Kwenye nguvu ndipo nilipofurahia hesabu. Injini ya Roadster ni ya lita 1.5, nguvu za farasi 131. Ya Starlet ni ya sentimita za ujazo 1,331, nguvu za farasi 85. Hizo ni nguvu za kiwandani, karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, yaani kipulizio cha kuisukumia hewa, inavuta pumzi fupi kama sisi tu. Inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ndiyo kusema farasi 131 waliotoka Hiroshima, wakifika hapa wamebaki 105 hivi, na wale 85 wangu wamebaki 70 au pungufu. Wanafunzi wa kidato cha tatu niliwapa hesabu hiyo darasani bila kuwaambia magari ni ya nani. Mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, hao farasi wengine wanafia njiani?" Nikasema ndiyo, wanafia Naivasha.

Wiki mbili za kwanza nililiendesha ndani ya mji tu, na nakiri kwamba nilinogewa. Gia zake ni sita, kijiti ni kifupi, kinaingia kwa kifundo cha mkono tu, kama unageuza ufunguo wa kabati. Kijiti cha Starlet ni kirefu, na namba tatu unaitafuta kidogo, kama mtu anayetafuta swichi gizani katika nyumba ya wageni. Usukani wa Roadster unakwambia kila kokoto. Unakaa chini kiasi kwamba kwenye taa za barabarani macho yako yako sawa na goti la mtu wa boda. Paa unalifungua mwenyewe: lachi moja katikati juu ya kioo, unasukuma nyuma, unakandamiza mpaka usikie limeshika. Hakuna mota wala swichi. Mzee mmoja mlinzi alinitazama nikilifungua, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, walikosa pesa ya kumalizia juu?"

Ambacho sikukijua ni kwamba gari la wazi halina siri. Ndani ya Starlet nimeimba vibaya kwa miaka mingi, nimegombana na mke wangu kuanzia Njoro hadi nyumbani, na hakuna mtu aliyejua. Ndani ya Roadster kila mtu ana neno na wewe. Wanafunzi wangu wakanipigia saluti kutoka kwenye matatu. Mama muuza mahindi akanisemesha bila mimi kushusha kioo, maana hakukuwa na haja. Askari wa barabarani alinisimamisha, akaomba leseni, akaitazama, kisha akaomba apigwe picha amekaa.

Kisha mama mkwe akapewa siku ya kuonwa na daktari wa macho mjini Kisumu. Alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia limeshafunikwa kama maziwa. Kwao ni Maragoli, kaunti ya Vihiga, na kwa kawaida humtoa nyumbani mtoto wake huyo baharia. Zamu ikawa yangu. Starlet ilikuwa kwa fundi, gia boksi imeshushwa, na spea ilikuwa imekwama Nairobi. Nikasema basi, nitakwenda na Roadster, nilale kwa wakwe, asubuhi nimshushe mama Kisumu. Mke wangu akaniangalia kwa muda. "Umelifikiria hilo vizuri?" Nilidhani anazungumzia barabara.

Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kilomita 180 hivi. Salgaa ndiyo iliyonitia baridi. Katika Starlet nimezoea kupishana na malori ya kwenda Uganda, lakini katika gari lile, paa likiwa wazi, gurudumu la trela lilikuwa juu ya bega langu. Nilisikia breki zake zikipiga mluzi, nikanusa raba inayoungua. Pale Sachang'wan siku hizi kuna ukuta wa zege katikati ya barabara, na huwa namshukuru aliyeujenga; siku hiyo nilimshukuru mara mbili.

Baada ya Mau Summit, unapoiacha barabara ya Eldoret na kushika ya Londiani, barabara inapinda na kushuka na kupanda, na hapo nikaelewa watu wananunua nini. Naomba nilieleze hili polepole maana ndilo lililonitoa jasho la furaha. Starlet inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiingia kona kwa kasi, pua inataka kwenda moja kwa moja, unaibembeleza kwa usukani. Roadster inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu, mbele na nyuma. Ukiingia kona, gari zima linageuka likiwa limekuzunguka wewe, kana kwamba msumari umepigiliwa chini ya kiti chako. Sikuwa naenda kasi. Kilomita 70, 80. Furaha yenyewe haikuhitaji kasi. Kona moja chini ya Londiani niliipita nikacheka peke yangu kwa sauti, na mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa kando ya barabara akacheka pia, bila kujua tunachekea nini.

Kericho mvua ya alasiri ikanikuta, kama inavyomkuta kila mtu. Nilisimama kando ya mashamba ya chai, nikaligeuza paa kutoka nyuma kwa mkono mmoja bila kutoka kitini, na halikuvuja hata tone. Harufu ya majani ya chai yaliyolowa ilikuwa imeshaingia ndani, ikabaki humo hadi Kapsoit.

Balaa lilinipata tambarare, karibu na Ahero, saa kumi na moja jioni, jua linanipiga usoni. Sikuliona shimo. Mlio ulikuwa kama wa sufuria iliyoanguka. Tairi la mbele kushoto lilichanika ubavuni, mchaniko wa kuingiza vidole viwili.

Nilifungua buti. Buti ya gari lile ina lita 130, madebe sita na nusu, na nusu yake ilikuwa begi langu na sukari ya mama mkwe. Nilitoa kila kitu. Hakukuwa na tairi la spea. Nilinyanyua zulia, hakukuwa na jeki. Kulikuwa na chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme, vimepangwa vizuri kama vifaa vya daktari. Gari hilo huuzwa hivyo, ili kupunguza uzito na kupata nafasi, na penye barabara nzuri ni uamuzi wa maana. Dawa ile huziba tundu la msumari. Ubavu uliochanika hauzibiki kwa dawa wala kwa dua.

Fundi wa pancha alikuwa hatua mia mbili mbele, chini ya mwarobaini. Alikuja na jeki yake ya chupa, akailaza, akaisimamisha, akaigeuza. Haikuingia. Gari lilikuwa chini mno, na tairi likiwa limelala lilikuwa chini zaidi. Watoto walishafika, na vijana wa boda, na mama mmoja mwenye beseni la omena kichwani ambaye hakulitua muda wote.

"Hili linabebwa," fundi akasema.

Nilitaka kupinga, kisha nikapiga hesabu. Tani moja, imegawanyika karibu sawasawa kwenye magurudumu manne: kila pembe ni kilo 250. Vijana wanne, kila mmoja kilo sitini na kitu. Wanabeba magunia mazito kuliko hayo. Niliwaonyesha pa kushika, chini ya kizingiti na si kwenye bawa, maana bawa ni la alumini na lingekunjika. Wakahesabu mpaka tatu, pembe ikainuka, fundi akasukuma gogo la mwarobaini chini yake. Nikashangilia pamoja na watoto. Kwa miaka yote niliyofundisha mgawanyo wa uzito, sijawahi kuona onyesho zuri namna hiyo.

Lakini tairi lenyewe halikuwepo Ahero. Fundi alikuwa na inchi 13 za kumwaga, na 14, na ya matrekta. Roadster inavaa 195/50 rimu 16. Kijana wa boda akalipakata gurudumu langu kwenye mapaja, akaenda nalo Kisumu, kilomita ishirini na kitu, na nambari ya saizi nimeiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu ya kusahihishia. Alirudi saa tatu usiku na tairi la mtumba la shilingi 6,500. Katika kungoja nilikula miwa, nikasahihisha insha ya kijana mmoja wa kidato cha nne, na kuulizwa mara kumi na moja gari hili ni shilingi ngapi. Mbu wa mashamba ya mpunga wa Ahero nao hawakujali kama gari ni la michezo.

Nilifika Maragoli saa tano usiku. Asubuhi mama mkwe alitoka amevaa vizuri, leso mpya, kiondo mkononi, akalitazama gari. Akatafuta mlango wa nyuma. Akalizunguka upande wa pili, labda huko upo.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la mke wangu.

Kwa Wamaragoli wa umri wake, kama kwa majirani zao wengi wa Kiluhya, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawakai karibu, hawatazamani machoni. Ndiyo heshima yenyewe. Katika Starlet yeye hukaa nyuma kushoto, mimi mbele kulia, tunazungumza kupitia kioo cha mbele, na safari huwa njema. Na sasa nilikuwa nimemletea gari ambalo bega la abiria linagusa bega la dereva, na kila ninapobadili gia kiwiko changu kingekuwa ubavuni mwake. Nimelipima gari lile kwa futi kamba, nimeligawia farasi na kilo. Upana wa heshima sikuupima.

Hakunilaumu. "Mkwe," alisema, akiangalia migomba, "hili gari lako ni zuri. Mimi nitapanda matatu."

Basi tukaenda hivyo. Kutoka Majengo hadi Kisumu alipanda matatu ya viti kumi na vinne, dirishani, na mimi nikaifuata nyuma kwa gari la michezo, nikisimama kila iliposimama kushusha na kupakia, mteremko wote wa mawe makubwa ya Maragoli hadi Kiboswa na Mamboleo. Kwenye kiti cha abiria kilikaa kiondo chake na chupa ya chai. Nilikifungia kiondo mkanda, maana gari lilikuwa linapiga kelele kwamba kuna abiria hajajifunga.

Sitachelewesha habari ya kliniki. Waliona jicho, wakapanga upasuaji baada ya wiki mbili. Nikirudi nilipitia Dunga kununua samaki. Ngege ambaye mwezi uliotangulia nilimpata kwa shilingi 600, nikiwa na Starlet, safari hii alianzia 1,200. Nilimwambia yule mama mimi ni mwalimu. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu wa nani?"

Gia boksi ya Starlet ikapatikana, na siku ya upasuaji nilikwenda nayo. Nilidhani nitaiona nzito na ya kuchosha baada ya kuonja ile nyingine. Kweli, kona za Londiani hazikunichekesha. Kelele ya upepo kwenye mlango wa kushoto, ambapo kioo kimeshikiliwa na kadibodi iliyokunjwa mara nne, niliisikia upya kama mara ya kwanza. Breki za nyuma bado ni za ngoma, na kuteremka Kericho unazihesabu. Lakini shimo la Ahero, lile lile, niliingia tena, maana jua lilikuwa palepale, na Starlet ikaruka, ikatua, ikaendelea na safari. Tairi za 155 rimu 13 zina ubavu mnene kama mkate. Ndizo zinazomeza barabara zetu. Nilimpigia honi fundi wa mwarobaini. Hakunitambua.

Jambo moja halikuniingia akilini mpaka nilipolipima mara tatu. Nakuru hadi Kisumu, Starlet ilikunywa lita 12 na nusu. Roadster, gari zito zaidi, lenye farasi zaidi, ilikunywa 11 na nusu. Sababu ziko. Injini ile mpya inashindilia hewa mara 13 kabla ya kuwasha, yangu haifiki 10. Inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Na kwenye gia ya sita inakwenda polepole wakati yangu kwenye ya tano inalalamika. Miaka ishirini ya wahandisi iko pale kwenye hiyo lita moja. Starlet wa asili walikoma kuundwa mwaka 1999, na jina hilo limerudi tangu 2020 kwenye gari jingine kabisa, ndugu wa Suzuki, ambalo fundi wangu hataki hata kulisikia likiitwa hivyo.

Upasuaji ukaenda vizuri. Mama alikaa nyuma kushoto, bandeji jichoni, akalala njia nzima hadi Maragoli, na kwenye buti tulikuwa na mkungu wa ndizi, gunia la viazi vya Molo na jogoo.

Shemeji akarudi Desemba. Nilimkabidhi ufunguo, nikamweleza habari ya tairi, nikamlipa nusu ya bei ya lile la pili tulilonunua ili mawili ya mbele yafanane. Hakutaka kuchukua, nikalazimisha. Akaniuliza, "Sema kweli, shem, ungeuza Starlet ununue hili?" Nikamwambia kama ningekuwa na miguu minne ningevaa viatu vyote. Alilichukulia hilo kuwa jibu.

Siku mama alipoonwa na daktari mara ya mwisho tulikuwa wote Kisumu kwa likizo. Kwa mtoto wake wa kumzaa mama anaweza kukaa bega kwa bega, hakuna mwiko hapo. Akaingia Roadster, mbele, polepole kama anayeketi kwenye mkeka. Shemeji akafungua lachi, akalisukuma paa nyuma. Mama akafunga leso upya, mafundo mawili chini ya kidevu.

Mimi nilifuata na Starlet: mke wangu, watoto watatu, sukari, mchele, na mtungi wa gesi. Kutoka Mamboleo kwenda juu nilikuwa kwenye gia namba mbili muda mwingi, injini inalia, na mbele yetu ncha ya leso ilikuwa inapepea juu ya kiti. Kila tulipoifikia kona nilimwona mama ameinua uso, anageuka kutazama mawe ya Maragoli, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Kabla ya Majengo kuna tuta kubwa. Shemeji akapunguza, akaanza kulipanda mshazari, gurudumu moja moja, kama tunavyofanya wote wenye gari la chini. Mimi nikalipita moja kwa moja, watoto wakaruka kitini wakishangilia. Nilipokuwa sambamba nao mama aliinua mkono kutusalimu, bila kugeuka kunitazama, kama inavyopasa.